Fire Pro Wrestling World: kila tukishikana naangushwa mimi. Tatizo ni wakati wa kubonyeza au kuna kingine?

MshikaKona

Wakuu habari zenu. Nina Fire Pro Wrestling World, gemu ya mieleka, ya PS4. Michezo ya WWE 2K naimudu vizuri, ila huku nimekwama mwanzoni kabisa. Namsogelea mpinzani, tunashikana wenyewe bila mimi kubonyeza kitu, halafu mara nyingi anayebwagwa ni mimi. Nimejaribu kubonyeza haraka haraka mfululizo, nimejaribu kusubiri, nimejaribu kwenda moja kwa moja kwenye kitufe cha duara, cha mbinu kubwa, ili nimalize kazi mapema. Mara chache nashinda, ila siwezi kusema kwa nini nimeshinda.

Maswali yangu:

1. Kitufe kinabonyezwa sekunde gani hasa? Kuna alama yoyote kwenye skrini ya kuniambia "sasa"?
2. Kuna kitufe cha kugeuza mbinu ya mpinzani kama kule 2K?
3. Kwa nini mwanamieleka wangu wakati mwingine anainama anahema na hanisikii kabisa?

Naomba maelezo ya vitendo, si "cheza utazoea".

---

Fremu60

Mkuu, kwanza futa kichwani mazoea ya 2K. Kule alama ya kugeuza inakutokea juu ya kichwa cha mwanamieleka, nawe unaijibu kwa kubonyeza. Hapa hakuna alama hata moja. Hakuna mstari wa afya, hakuna kipimo cha nguvu, hakuna kitu kinachowaka. Taarifa yote imo kwenye miili ya wale wanamieleka wawili: miguu, mabega, na namna wanavyoinuka toka chini. Mfululizo huu umeanza 1989 kwenye mashine ya gemu ya PC Engine, na mpaka leo msingi wa kushikana ni ule ule: bonyezo moja, kwa wakati mmoja.

Mkisogeleana vya kutosha mnashikana wenyewe, kama ulivyoona. Kila mmoja anajirusha mbele kidogo, mguu wa mbele unakanyaga, mikono inafika kwenye mabega ya mwenzake. Mguu unapotua na mikono inapofunga, hapo ndipo pa kubonyeza. Ukibonyeza wakati bado mnatembea, mwanamieleka wako anarusha pigo la mkono au teke badala ya kushikana. Ukibonyeza wakati anajirusha, umewahi. Ukiona mikono imeshafunga ndipo ubongo uanze kufikiria, umechelewa, maana mpinzani keshabonyeza yake.

Kubonyeza mfululizo ndiyo sumu yenyewe. Gemu hii inamwadhibu anayetwanga vitufe: bonyezo la kwanza linahesabika kuwa la mapema, na zile zinazofuata hazikuokoi. Ndiyo maana ukitwanga unaona kama bahati nasibu. Weka kidole juu ya kitufe, tulia, bonyeza mara moja tu.

Sasa jambo ambalo wengi hawalitenganishi, na nadhani ndilo linalokusumbua. Kuna namna mbili za kushindwa mkishikana, na dawa zake hazifanani:

*Namna ya kwanza:* mnashikana, kisha moja kwa moja yeye anafanya mbinu yake. Mwili wako haukuanza chochote. Hapo umeshindwa kwa wakati. Uliwahi au ulichelewa.

*Namna ya pili:* mnashikana, mwanamieleka wako anaanza mbinu uliyochagua, tuseme anamwinamisha mwenzake na kumkumbatia kiuno amnyanyue, halafu katikati ya safari mpinzani anakataa, anajichomoa au anakugeuzia. Hapo wakati wako ulikuwa sahihi kabisa! Ulishinda mshikano. Kilichokuangusha ni kuchagua mbinu kubwa kwa mtu ambaye bado ana nguvu.

Hii inajibu swali lako la pili. Hakuna kitufe cha kugeuza. Kugeuza kunafanywa na gemu yenyewe kwa kuangalia mpinzani kaumia kiasi gani, mbinu ni nzito kiasi gani, na mwanamieleka huyo ana ustadi gani wa kugeuza. Kwa hiyo duara lako la dakika ya kwanza linarudishwa hata ukilibonyeza kwa usahihi wa fremu (picha moja ya skrini).

Mpangilio wa vitufe wa kawaida kwenye PS4:

- Mraba: mbinu ndogo (kumkaba kichwa kwapani, kumsokota mkono, kofi la kifua)
- Ekisi: mbinu za kati (kumbeba na kumbwaga chali, suplexi nyepesi, yaani kumnyanyua na kumtupa nyuma)
- Duara: mbinu kubwa
- Pembetatu: kukimbia
- L1: kuvuta pumzi

Kila kimoja cha vile vitatu vya mwanzo kina nafasi nne mkishikana uso kwa uso: bila mwelekeo, juu, pembeni (kushoto na kulia ni kitu kimoja), na chini. Jumla 12, na ya 13 ni mraba na ekisi kwa pamoja, ambayo wanamieleka wengi wamewekewa kitu cha pekee.

Cheza mechi nzima tatu au nne ukitumia mraba tu mpaka uone mpinzani anainuka taratibu. Usiguse duara. Mbinu ndogo hazigeuzwi kirahisi, kwa hiyo ukishindwa mshikano kwa mraba utajua hilo ni suala la wakati. Umeondoa chanzo kimoja cha makosa, umebaki na kimoja cha kurekebisha.

---

KambaYaTatu

Nakubaliana na Fremu60, naongeza mawili ambayo hukosesha watu hata wakielewa nadharia yote.

La kwanza ni sauti. Mguu unapokanyaga kuna kishindo kwenye sakafu ya ulingo. Wengine sikio lao ni jepesi kuliko jicho. Zima muziki kwenye mipangilio, acha sauti za ulingo, vaa visikilizi. Ila usisubiri kishindo ndipo uanze kubonyeza, kwa sababu toka usikie mpaka kidole kishuke, muda umekwisha. Jifunze *mwendo* wake: kusogea, kujirusha, kishindo. Kidole kitue pamoja na kishindo, kama mpiga ngoma anavyotua na mwenzake bila kumngoja.

La pili ni televisheni. Gemu inachorwa fremu 60 kwa sekunde, yaani kila fremu ni kama milisekunde 17. Televisheni nyingi zikiwa kwenye hali ya filamu au ya rangi kali huchelewesha picha kwa fremu kadhaa kwa sababu zinaisafisha kwanza kabla ya kuionyesha. Unachokiona kinakuwa kimeshapita. Ingia kwenye mipangilio ya televisheni, chagua hali ya gemu, na uzime kila kinacholainisha mwendo wa picha. Ukitumia spika za bluetooth, hapo sauti nayo inachelewa, na ushauri wangu wa kishindo utakupoteza kabisa. Waya.

Kwa anayecheza kwenye kompyuta, jaribu pia kuzima ulinganishaji wa picha na skrini (V-Sync) uone kama bonyezo linakuwa jepesi zaidi. Halafu chagua hali moja ubaki nayo. Ukibadilisha mipangilio kila siku, kidole hakijui kizoee kipi.

Na kuna kosa la mwelekeo ambalo halizungumzwi sana. Unatembea kumfuata mpinzani ukiwa umebana kulia. Mnashikana, unabonyeza ekisi ukiwa bado umebana kulia. Unapata ekisi ya pembeni. Kila mara! Mtu anadhani mwanamieleka wake ana mbinu moja tu ya kati. Inabidi uachie mwelekeo mara tu anapoanza kujirusha, na kama unataka ya chini au ya juu, uhamishe kidole katika kipindi kile kifupi kabla mguu haujatua. Tumia vitufe vya mwelekeo vya msalaba, si kijiti. Kijiti hukupa mshazari bila kukusudia, na juu-kulia inaweza kukupa mbinu ambayo hukuiomba.

---

MshikaKona

Asanteni sana. Nimeangalia tena mechi nilizorekodi kwa jicho la zile "namna mbili" na kweli, nyingi ni namna ya pili. Mwanamieleka wangu anaanza kubeba halafu anarudishiwa. Na televisheni ilikuwa kwenye hali ya filamu.

Bado nina swali la pumzi. Na jingine: nitajuaje sasa ni wakati wa kupanda toka ndogo kwenda kati, na toka kati kwenda kubwa, kama hakuna mstari wa afya? Nimesoma mahali kwamba dakika tano ni ndogo, dakika tano ni kati, baada ya dakika kumi ndiyo kubwa.

---

Bi_Mkabano

Hiyo kanuni ya saa ni gongo la kuanzia tu kaka, usiitegemee. Saa haiumizi mtu. Ukikaa dakika tano unazunguka ulingoni bila kumpiga, mpinzani wako ni mzima kama alivyoingia. Kinachohesabika ni maumivu uliyomwekea. Soma mwili wake hivi:

Anavyoinuka. Mwanzoni anaangushwa na kuinuka papo hapo, wewe hata hujageuka. Akianza kubaki chini kiasi cha wewe kumfikia na kumkanyaga mara moja kabla hajaamka, anza kuchanganya mbinu za kati. Akibaki chini mpaka unaweza kumkanyaga, ukasogea, ukamwinua mwenyewe, hapo duara linaanza kupita.

Anavyokataa. Jaribu mbinu moja ya kati. Ikipita, usirudie papo hapo, rudi kwenye ndogo moja au mbili kisha ujaribu nyingine. Zikipita mbili tatu bila kukataliwa, mlango wa kati umefunguka. Fanya vivyo hivyo kwa kubwa. Kila anapokugeuzia si kwamba umekosa kumwumiza tu, umeumia wewe. Kwa hiyo jaribio moja ni kipimo, majaribio matatu mfululizo ni hasara.

Unapompiga. Hapa ndipo gemu ilipo na utamu. Maumivu yanawekwa kwa sehemu: shingo, mkono, kiuno, miguu. Huoni namba, ila zipo. Kama mbinu yako ya mwisho ni ya kumkaba mguu asalimu amri, basi mbinu zako ndogo na za kati ziende mguuni tangu mwanzo, na ukimkuta chini simama upande wa miguu, si wa kichwa. Upande unaosimama ndio unaoamua utafanya nini kwa aliyelala. Watu hutawanya maumivu mwili mzima, halafu wanashangaa mpinzani anastahimili mkabo wa mguu kama hakuna kitu. Mguu ule haukuguswa!

Sasa pumzi. Kila mwanamieleka ana akiba tatu zilizofichwa: uhai, moyo, na pumzi. Pumzi inaliwa na kukimbia, kupanda kona, na zaidi ya yote mbinu kubwa. Ikikauka, mwanamieleka wako anafanya mbinu yake kisha anasimama ameinama anahema. Kwa kitambo hicho kitufe chochote unachobonyeza hakina maana, na mpinzani anajichukulia anachotaka.

Dawa ni kushika L1 ukiwa salama. Salama maana yake mpinzani yuko chini na wewe uko mbali naye. Mfuatano uwe hivi: umembwaga kwa mbinu ya kati, piga hatua mbili kurudi nyuma, shika L1 kidogo, achia, msubiri ainuke. Usimalize pumzi ndipo uanze kutafuta mahali pa kupumua. Na usivute pumzi mpinzani akiwa amesimama mbele yako. Mwili wako unakuwa umefungwa kwenye kitendo hicho, akikufikia utakuwa mkate kwa chai.

Kiwango cha pumzi kinatofautiana. Majitu mazito mengi yanachoka upesi, wepesi wa kuruka wana pumzi ndefu zaidi. Ukichukua jitu, mechi yako iwe ya kutembea. Pembetatu isahau mpaka iwepo sababu.

---

Fremu60

Dada kaeleza vyema. Niongeze mazoezi, kwa sababu MshikaKona aliomba vitendo.

*Zoezi la kwanza, la pedi ya pili.* Weka mechi ya mmoja kwa mmoja, mpinzani awe mchezaji wa pili, na pedi ya pili uiache mezani. Mpinzani atasimama tu. Msogelee mshikane. Kwa kuwa hakuna anayeshindana nawe, utaona wazi bonyezo lako lilitua wapi: likitoka pigo la mkono, ulibonyeza kabla hata ya kushikana. Rudia kwa kuchelewesha bonyezo kidogo kidogo mpaka upate mbinu kila mara mguu unapotua. Kisha fanya hivyo hivyo ukiita mwelekeo: juu, chini, pembeni, bila mwelekeo, kwa zamu. Usiondoke kwenye zoezi hili mpaka uweze kuitoa mbinu uliyoitaja kabla ya kushikana.

*Zoezi la pili, la kutazama.* Weka mechi ambayo wanamieleka wote wawili wanaendeshwa na gemu yenyewe (kompyuta kwa kompyuta), wewe mtazamaji. Chagua wanamieleka wawili wa kawaida, si majitu. Usishike pedi. Kila wakishikana gonga kidole kwenye goti mguu unapotua. Baada ya hapo tazama mambo mengine: wanaanza kubwagana kwa mbinu kubwa wakati gani, aliyeanguka anakaa chini muda gani, nani anahema. Mechi hizi ni mwalimu mzuri kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu wanamieleka waliokuja na gemu wamepangiwa akili zao kwa hatua: waliochangamka wanapigana kwa mbinu ndogo, wakichoka wanabadilika.

*Zoezi la tatu.* Ngazi ya kompyuta iko 1 hadi 10. Anza na 1, mraba tu. Ukiona unashinda mishikano mingi kuliko unayopoteza, panda ngazi mbili. Usiruke kwenda 10 kwa hasira. Kadiri ngazi inavyopanda ndivyo kompyuta inavyokosea mara chache, na makosa yako ya wakati yanalipiwa yote.

Pia kuna sehemu ya misheni kwenye menyu kuu. Watu wanaipita kwa kuwa inaonekana ya watoto. Inakupa kazi moja moja, na inakufundisha mambo ambayo kwenye mechi kamili hayakutokei ukiwa tayari.

---

Tatami

Naomba kupinga kidogo hoja ya "mraba tu mechi nne". Kwa kujifunza mshikano, sawa. Lakini mtu akizoea mraba peke yake anajenga tabia ya kusogelea na kushikana kila saa, na gemu ina njia nyingine za kupunguza mishikano unayopoteza.

Nenda nyuma yake. Ukimfikia mpinzani toka mgongoni unamkamata kiuno, na hapo nafasi yako ni nzuri kuliko uso kwa uso, ingawa naye anaweza kukugeuzia. Unampataje mgongoni? Anapoinuka toka chini, tazama uso wake unaelekea wapi, zunguka upande mwingine kabla hajasimama wima. Usisimame puani kwake unamngoja.

Tumia mapigo. Mraba au ekisi ukiwa umbali wa mkono mmoja, kabla hamjashikana, ni ngumi na mateke. Anayekushinda kila mshikano mpe teke la paja kabla hajafika. Ila hapa kuna mtego wa jicho. Ulingo unaonekana kwa mshazari toka juu, kwa hiyo wanamieleka wawili wanaweza kuonekana wako karibu huku hawako kwenye mstari mmoja. Teke linapita hewani, na wewe umebaki wazi. Kabla ya kupiga linganisha miguu, si vichwa. Mwanamieleka mrefu na mfupi vichwa vyao vitakudanganya. Nyayo zikiwa kwenye usawa mmoja, pigo linafika.

Akikukimbilia toka kwenye kamba, usisogee kumfuata. Simama kwenye mstari wake, bonyeza ekisi au duara akiwa amebakiza kama urefu wa mtu mmoja kukufikia. Ukingoja mpaka mgusane, yeye ndiye anayepiga.

---

Bi_Mkabano

Tatami hoja ya nyayo ni dhahabu. Hiyo ya mgongoni nayo naikubali, ila ajifunze mshikano kwanza. Asiyejua kushikana akijificha mgongoni, siku akikutana na mchezaji anayejua kugeuka upesi hana pa kushika.

---

MshikaKona

Nimefanya zoezi la pedi ya pili. Kumbe nilikuwa nawahi sana, karibu kila bonyezo lilitoa ngumi. Sasa hivi mraba nautoa ninapotaka, ekisi ya chini bado inanipiga chenga.

Mawili ya mwisho. Nikibanwa mabega chini mwamuzi anahesabu, huko nako nibonyeze mara moja kwa wakati? Na kuna mechi ilikatika ghafla, maandishi makubwa ya CRITICAL yakatokea, mechi ikaisha, na nilikuwa bado mzima. Ni hitilafu?

---

Fremu60

Ekisi ya chini: shusha kidole chini mara tu unapoona mabega yao yanainama mbele. Usingoje mikono.

Kubanwa mabega ni kinyume cha yote tuliyosema. Hapo ndipo pa kutwanga: vitufe na mwelekeo kwa pamoja, haraka iwezekanavyo, tangu mabega yanapogusa sakafu. Mkabo wa kusalimu amri vile vile. Ukiwa karibu na kamba mshiko unaweza kuvunjwa, kwa hiyo ukijua mpinzani wako ni mtu wa kukaba, pigana pembezoni mwa ulingo badala ya katikati. Na wewe ukiwa mkabaji, mburute katikati kwanza.

Kumbuka mwamuzi naye ni mtu ndani ya ulingo. Lazima afike ulipo ndipo aanze kuhesabu, na waamuzi hawana kasi moja. Kumbana mpinzani mabega wakati mwamuzi yuko kona ya mbali ni kumpa mapumziko ya bure. Mwangalie alipo kabla hujalala juu yake.

---

Tatami

CRITICAL si hitilafu. Ni sehemu ya gemu: mbinu fulani inaweza kuumaliza mchezo hapo hapo, kwa kuzirai au kusalimu amri, bila kujali hesabu ya mwamuzi. Kila mwanamieleka ana aina ya mbinu zinazompa nafasi hiyo zaidi, mwingine ni mapigo, mwingine suplexi, mwingine mikabo, mwingine ile mbinu yake ya mwisho. Ukijua ya mpinzani unajua cha kuogopa: mpiga mateke usimpe umbali, mkabaji usikae naye chini.

Ila kwa anayejifunza, mechi kukatwa katikati inakunyima mazoezi ya nusu ya pili, na nusu ya pili ndiyo yenye mbinu kubwa. Kwenye mipangilio ya mechi, kabla ya kuanza, unaweza kuzima critical. Izime kwa sasa. Ukishaweza kuipeleka mechi mpaka mbinu kubwa zinapita na pumzi ingali ipo, iwashe tena, kwa sababu kucheza ukijua lolote linaweza kukatika kunabadilisha kabisa namna unavyomsogelea mtu.

---

KambaYaTatu

Nyongeza moja kwa MshikaKona: ingia kwenye sehemu ya kuhariri, mfungue mwanamieleka unayemtumia, pitia orodha ya mbinu zake. Utaona nafasi zote 13 za uso kwa uso zimewekewa nini, mbinu nne anazozipenda, na ile moja ya kumalizia. Ziandike kwenye karatasi, iweke chini ya skrini. Mtu asiyejua ekisi ya chini ya mwanamieleka wake ni ipi hawezi kujua kama kidole kilikosea mwelekeo au la.

Na shika mwanamieleka mmoja. Mwendo wa kushikana ni mmoja kwa wote, lakini orodha ya mbinu, pumzi, na upesi wa kuinuka vinabadilika. Chagua wa kati, mwenye mbinu za kawaida, mwenye pumzi ya kutosha. Majitu na warukaji waje baadaye.

---

MshikaKona

Karatasi nimeshaiandika. Ekisi ya chini kwa huyu wangu ni kumbwaga kwa kiuno, na mbinu yake ya mwisho ni mkabo wa mgongo, kwa hiyo naona sasa kwa nini ndogo zake nyingi ni za kiuno pia. Critical imezimwa, ngazi 1, mraba na ekisi tu. Nikifika ngazi 5 nitarudi na maswali ya kona na kamba.

---

Bi_Mkabano

Ukifika huko, kwa mkabo wa mgongo mgeuze kwanza alale kifudifudi, na mwangalie mwamuzi yuko wapi kabla ya kushika.